Baruapepe ya kampuni ya intaneti uliyoihama: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyakusanya kwa miaka kadhaa. Mengi yametoka kwa watu walionipigia wakiwa wameshafungiwa nje, na machache nilijiuliza mwenyewe siku nilipopoteza anwani niliyoitumia kwa miaka 14. Nilikuwa nimehama kampuni ya intaneti kwa sababu laini ilikuwa nzito. Walinikumbusha kurudisha modemu, wakanidai salio la mwezi wa mwisho, na kuhusu baruapepe hawakusema neno.

Kama umeshakata mkataba lakini barua za zamani bado unaziona kwenye simu, usifungue programu ya barua sasa hivi. Ruka hadi swali linalohusu simu, kisha urudi hapa.

Nimehama kampuni na baruapepe haifunguki tena. Imekwenda kabisa?

Inategemea umepita muda gani. Kampuni nyingi hazifuti barua siku ileile mkataba unapokwisha. Kwanza hufunga mlango: nenosiri linakataliwa, lakini barua bado ziko kwenye seva, yaani kompyuta ya kampuni inayozitunza. Baadaye akaunti hufutwa, na ikishafutwa hata mhudumu mwenye nia njema hana cha kukurudishia. Kwa hiyo piga simu leo, usingoje mwisho wa wiki.

Ukipiga, usieleze kisa chote. Uliza hivi: akaunti imefungwa au imefutwa? Kama imefungwa tu, itafutwa tarehe gani? Na je, mnaweza kuifungua kwa siku chache nihamishe barua zangu? Uwe na namba ya mkataba na bili ya mwisho mkononi. Mara nyingi mkataba una jina la mume, mke au mzazi, na huyo ndiye peke yake watakayekubali kumsikiliza, basi awe karibu nawe kabla hujapiga. Ukijibiwa kwamba haiwezekani, omba jibu hilo kwa maandishi, kisha piga tena siku nyingine na uombe kuunganishwa na mafundi. Nimeona zaidi ya mara moja mhudumu wa kwanza akisema akaunti haipo, kumbe anatazama kumbukumbu za malipo tu.

Anwani ina jina langu. Inakuwaje si yangu?

Tazama alama ya @. Ray Tomlinson aliichagua mwaka 1971 alipokuwa akijaribu kutuma ujumbe kutoka kompyuta moja hadi nyingine katika mtandao wa ARPANET, mtangulizi wa intaneti, na maana aliyoipa haijabadilika: kushoto ni mtu, kulia ni mahali anapopatikana. Kushoto kwa alama hiyo ni jina lako. Kulia ni jina la nyumba, na nyumba ni ya kampuni. Kikoa, yaani hilo jina lililo kulia kwa @, kimesajiliwa kwa jina lao, na wao ndio wanaoutangazia ulimwengu kwamba barua za kikoa hicho zipelekwe kwenye seva fulani. Wewe ulikuwa mpangaji.

Watu hushangaa kwa sababu wamezoea namba ya simu, ambayo katika nchi nyingi unaweza kuhama nayo kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine. Baruapepe haina utaratibu kama huo. Hakuna kampuni inayoweza kupokea barua za kikoa cha mwenzake bila ridhaa yake. Linaloniuma ni kwamba anwani hizi zilitolewa bure kama zawadi ya kujiunga, na zawadi ikageuka kamba ya kumfunga mteja. Najua watu waliolipia laini mbovu mwaka baada ya mwaka kwa kuogopa kupoteza anwani.

Hakuna sheria ya kunilinda?

Iko sehemu chache. Ufaransa inaitaka kampuni ya intaneti imwachie mteja aliyeondoka njia ya kufikia barua zake kwa miezi 6 bila malipo. Umoja wa Ulaya nao, katika kanuni zake za mawasiliano za mwaka 2018, umeorodhesha huduma ya kusambaza au kufikia barua baada ya mkataba kwisha miongoni mwa huduma ambazo nchi wanachama zinaweza kuzidai kampuni zitoe. Kwingineko, soma masharti ya mkataba wako, hasa sehemu ya kusitisha huduma. Muda utakaoukuta huko ndio wako, hata kama ni mfupi kiasi cha kutisha.

Mimi sijahama wala sina mpango wa kuhama. Yananihusu?

Yanakuhusu. Kampuni yenyewe inaweza kuacha biashara ya baruapepe ilhali wewe ungali mteja wake. Mwaka 2017 Verizon ya Marekani ilifanya hivyo, na wateja waliotaka kubaki na anwani zao wakahamishiwa huduma ya baruapepe ya AOL. Mwaka huohuo, mwezi Novemba, Vodafone ya New Zealand iliifunga huduma yake yote ya baruapepe, na ndani yake zilikuwemo anwani ambazo watu walizipata kwa kampuni ndogo zilizokuwa zimenunuliwa zamani. Anayesoma haya akiwa na akaunti iliyo hai ndiye mwenye bahati kuliko wote, kwa kuwa kila kazi iliyoelezwa hapa ni nyepesi mlango ungali wazi.

Bado naziona barua kwenye simu ingawa akaunti imefungwa. Zipo kweli?

Unachokiona ni nakala iliyobaki ndani ya simu. Programu ya barua hutunza barua za karibuni ili usizisubiri kila unapozifungua. Lakini kazi yake ni kulinganisha nakala hiyo na seva. Siku itakapofanikiwa kuzungumza na seva na kukuta kikasha kitupu, itafuta na vilivyo kwenye simu. Ukiiondoa akaunti kwenye simu kwa hasira, nakala nayo inaondoka.

Basi fanya hivi. Iweke simu katika hali ya ndegeni kwanza, uhakikishe na Wi-Fi imezimika, ndipo ufungue programu. Pitia barua taratibu. Zile za maana zipige picha ya skrini, maandishi yake yanakili kwenye programu ya madokezo ya simu, na viambatisho vilivyokwisha kupakuliwa vihifadhi nje ya programu ya barua. Utakutana na barua zenye kichwa tu, ukizigusa zinazunguka bila kufunguka. Hizo hazikuwahi kupakuliwa na hutazipata kwa njia hii, lakini jina la mtumaji linakusaidia: andika orodha ya kila aliyekuandikia, kwa kuwa utaihitaji baadaye.

Kwenye kompyuta mambo ni mepesi zaidi. Zima intaneti, fungua programu ya barua kama Thunderbird, tengeneza folda katika sehemu ya folda zinazokaa ndani ya kompyuta yenyewe, kisha nakili humo barua zote. Zikishakaa humo, seva haizigusi tena.

Kabla sijakata mkataba, nianze na nini?

Anza na funguo. Barua zinaweza kusubiri siku mbili.

Wengi wetu tunaiona baruapepe kama sanduku la kuhifadhia barua. Kwa benki, duka la mtandaoni, hifadhi ya picha au ofisi ya kodi, anwani yako ni uthibitisho kwamba wewe ni wewe. Ukisahau nenosiri, wanatuma kiungo huko. Wakikutilia shaka, wanatuma namba ya uthibitisho hukohuko. Anayeishika anwani anashika kila kitu kilichofungwa nayo, na anayeipoteza anaanza kufungiwa nje mlango mmoja baada ya mwingine, mara nyingi baada ya miezi, siku atakapobadilisha simu na kuombwa aingie upya.

Fungua anwani mpya leo. Kisha tengeneza utaratibu: mwanzo kabisa akaunti zinazofungua nyingine, yaani akaunti ya simu yako, akaunti kuu ya Google, Apple au Microsoft, na programu inayokutunzia manenosiri. Baada ya hizo, fedha: benki, pensheni, bima, huduma za malipo. Halafu serikali na afya. Picha na hati zilizohifadhiwa mtandaoni zifuate bila kuchelewa. Maduka, majarida na mitandao ya kijamii yaje mwisho, isipokuwa kama riziki yako inapita huko.

Ukibadilisha, ingia kwa anwani mpya papo hapo uone kama imekubali. Baadhi ya huduma hutuma ujumbe wa kuthibitisha kwa anwani zote mbili, na mabadiliko hayakamiliki mpaka ubonyeze. Nimemwona mtu aliyebadilisha akaunti 30 kwa jioni moja akaenda kulala ameridhika, bila kujua kwamba nusu zilikuwa bado zinasubiri kuthibitishwa kwenye kikasha cha zamani.

Nitakumbukaje kote nilikojisajili?

Hutakumbuka, ila kikasha kinakumbuka. Tafuta ndani yake maneno kama "karibu", "thibitisha", "nenosiri", "risiti", "akaunti yako", na utafute tena kwa Kiingereza na kwa lugha nyingine yoyote unayoitumia mtandaoni. Kisha fungua orodha ya manenosiri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari chako na utafute ile anwani ya zamani. Kila mstari utakaotokea ni kazi ya kufanya. Pitia pia taarifa za benki za miezi 12, maana kuna huduma zinazokata fedha mara moja tu kwa mwaka na haziandiki barua katikati.

Nikishabadilisha anwani ya kuingilia, nimemaliza?

Hapana. Hapa ndipo nilipojikwaa mimi. Katika hifadhi yangu ya picha nilibadilisha anwani ya kuingilia nikadhani nimeshamaliza. Kulikuwa na sehemu ya pili, anwani ya kurejeshea akaunti, iliyobaki ya zamani. Miezi saba baadaye walinitilia shaka kwa sababu nilikuwa safarini, wakatuma namba ya uthibitisho kwenye anwani ambayo haikuwepo tena. Ilinichukua wiki tano kurudishiwa picha za watoto wangu.

Kwa hiyo katika kila akaunti fungua mipangilio ya usalama utazame anwani ya kuingilia, anwani ya kurejeshea, anwani ya kupokelea arifa na anwani ya bili. Zinaweza kuwa nne tofauti. Ukiwa humo, washa uthibitishaji wa hatua mbili (kuombwa namba ya ziada baada ya nenosiri) kwa programu ya simu, na zile namba za dharura utakazopewa ziandike kwenye karatasi.

Anwani imeshafutwa, na akaunti ninayoitaka inatuma namba ya uthibitisho hukohuko. Nifanyeje?

Kwanza usijaribu tena na tena. Majaribio mengi yanayoshindwa hufanya mfumo ukuone mwizi na kukufungia. Tafuta kifaa chochote ambacho bado kimeingia kwenye akaunti hiyo: kishikwambi cha zamani, kompyuta ya kazini, televisheni. Wakati mwingine kifaa kilichokwisha kuingia kinakuruhusu kubadilisha anwani kwa kuandika nenosiri tu. Usitoke kwenye akaunti katika kifaa hicho kwa hali yoyote.

Kama huna, jaza fomu ya kurejesha akaunti ukiwa nyumbani, kwenye intaneti na kifaa ulichozoea kutumia, kwa sababu mifumo mingi hupima mambo hayo. Toa unachokijua wewe tu: mwezi uliofungua akaunti, manenosiri ya zamani, kiasi cha malipo ya mwisho na tarakimu za mwisho za kadi. Benki na ofisi za serikali zina njia iliyo rahisi zaidi, ambayo ni kwenda mwenyewe na kitambulisho.

Nitahamishaje barua zenyewe?

Kama akaunti ingali wazi na inatumia IMAP, yaani njia ya kusoma barua zikiwa zimebaki kwenye seva, weka akaunti zote mbili, ya zamani na mpya, katika programu moja kwenye kompyuta. Kisha nakili barua folda kwa folda kutoka moja kwenda nyingine. Nakili, usihamishe, ili kazi ikikatika katikati usipoteze kitu. Chukua mia chache kwa mkupuo, na ulinganishe idadi kabla ya kuendelea. Folda ya barua ulizotuma husahaulika kuliko zote, na mara nyingi ndiyo yenye thamani, kwa kuwa humo ndimo yalimo maneno yako mwenyewe.

Kama kwa miaka mingi ulitumia POP, hali ni tofauti. POP kwa kawaida huzishusha barua kwenye kompyuta na kuzifuta kwenye seva. Hilo laweza kuwa jambo jema: huenda barua zako za miaka kumi ziko kwenye ile kompyuta kuukuu iliyo stoo. Usiigawe wala kuiuza kabla hujaiwasha.

Si niwaambie tu kampuni wasambaze barua zote kwenda anwani mpya?

Wakikubali, kubali, lakini kama daraja la muda. Seva inayopokea hukagua kama seva iliyoleta barua imeruhusiwa na kikoa cha mtumaji. Barua ya benki iliyosambazwa inafika ikiletwa na seva ya kampuni yako ya zamani, na seva hiyo benki haikuitaja. Baadhi ya barua hizo zitatupwa kwenye barua taka, nyingine zitakataliwa kimya kimya. Kagua folda ya taka kila siku, na kila barua inayokuja kupitia daraja hilo ichukulie kama ukumbusho wa mtu au ofisi ambayo hujaiambia bado.

Wanaoniandikia kwa anwani ya zamani wanaona nini?

Akaunti ikishafutwa, kwa kawaida hurudishiwa ujumbe wa kushindwa wenye namba 550 na maelezo kwamba mpokeaji hayupo. Hatari iko katika kipindi kabla ya hapo, ambapo baadhi ya seva huendelea kupokea barua ambazo hakuna anayeweza kuzifungua. Mwenzako anadhani umesoma ukanyamaza. Rafiki mmoja wa masomoni, aliyekuwa akiniandikia mara moja kila baada ya mwaka au miwili, alikaa muda mrefu akiamini nimemkasirikia. Waandikie watu wa namna hiyo mmoja mmoja, kwa majina yao. Tangazo la jumla wengi hawalisomi.

Anwani yangu inaweza kupewa mtu mwingine?

Inawezekana, tena kwa njia mbili. Ya kwanza ni kampuni kuitoa upya. Mwaka 2013 Yahoo iliachia majina ya akaunti zilizokaa zaidi ya miezi 12 bila kutumika, na baadhi ya wamiliki wapya wakaanza kupokea barua za watu wa kabla yao, zikiwemo za mambo ya binafsi kabisa. Ulize kampuni yako waziwazi kama huwa wanatoa majina upya.

Ya pili ni mbaya zaidi: kampuni inakufa na kikoa chake hakilipiwi. Kikoa cha .com kikishafutwa na msajili, yaani kampuni inayosajili vikoa, huwa na siku 30 ambazo mwenyewe anaweza kukikomboa, kisha kinaachiwa yeyote. Atakayekinunua anaweza kupanga seva ipokee barua za kila jina lililowahi kuwepo humo. Hahitaji nenosiri lako la zamani. Anaomba tu lile la duka au la benki libadilishwe, na kiungo kinamfikia yeye. Ndiyo maana nasisitiza uiondoe anwani ya zamani hata kwenye akaunti usizozijali.

Kampuni ya zamani inasema nilipie kila mwezi ili anwani ibaki. Nilipe?

Lipa kwa muda wa kuhamisha mambo yako, na uandike kwenye kalenda tarehe ya kuacha. Mwaka mmoja ni kipimo kizuri, kwa sababu ndani yake kila anayekuandikia mara moja kwa mwaka atakuwa ameandika.

Nimepata ujumbe kwamba anwani yangu itafungwa, nibonyeze kiungo kuiokoa.

Usibonyeze. Wezi hupenda sana nyakati za kampuni kufunga huduma, maana watu wana hofu na habari yenyewe ni ya kweli. Andika mwenyewe anwani ya tovuti ya kampuni kwenye kivinjari, au piga namba iliyo kwenye bili.

Anwani mpya niichukue wapi?

Popote pasipohusiana na laini yako ya intaneti. Huduma kubwa za bure zinatosha kwa watu wengi, ila nazo zina masharti: Google, kwa mfano, ilitangaza mwaka 2023 kwamba akaunti binafsi isiyotumika kwa miaka 2 inaweza kufutwa. Akaunti uliyoiweka akiba ifungue mara kwa mara.

Ukiweza, sajili kikoa chako mwenyewe. Hapo unaweza kubadilisha kampuni inayokuhifadhia barua bila anwani kubadilika, maana upande wa kulia wa @ ni wako maadamu unalipia. Kikoa cha .com kinaweza kulipiwa hadi miaka 10 kwa mara moja. Tahadhari moja: akaunti yako kwa msajili usiifungue kwa anwani ya kikoa hichohicho. Siku malipo yatakaposahaulika, ukumbusho utatumwa mahali ambapo hupafikii.

Mzazi wetu amefariki. Tukate laini yake ya intaneti?

Msikate kwanza. Najua bili inaendelea, na kuikata huonekana kama jambo dogo la kumaliza mapema. Lakini siku mnayokata, muda wa kufutwa kwa barua zake unaanza kuhesabiwa, na humo ndimo zinamopita taarifa za benki, bima, pensheni na picha zake. Msikisie nenosiri mpaka akaunti ijifunge. Pelekeni cheti cha kifo na hati za usimamizi wa mirathi, mwombe mkataba uhamishiwe jina la mmoja wenu, na mwombe kwa maandishi kwamba akaunti za baruapepe zibaki kama zilivyo, kwa kuwa kubadilisha jina la mkataba kunaweza kuhesabiwa kama mteja mpya na akaunti za zamani zikaondolewa. Nakilini barua ambazo familia inataka kubaki nazo, zikiwemo alizotuma yeye. Endeleeni kupokea zinazokuja kwa muda mtakaoumudu, mwaka mzima ikiwezekana, halafu ndipo mkate.